Valsi ya Jumamosi Kuu

Jumatano ya Majivu, 3 Machi 1976

Asubuhi, kabla hatujaenda kupakwa majivu, nimeiweka akodioni ya Baba ndani ya kabati la Mama, nikageuza ufunguo mara mbili, nikautia kwenye mkufu wangu pamoja na medali ya Bikira. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, ananitazama.

"Haya, Sista Mkuu," akasema. "Umeshamfunga mfungwa. Siku arubaini bila dhamana."

"Arubaini na sita, Baba, ukihesabu na Jumapili."

"Na Jumapili unamhesabia! Hata Pilato alinawa mikono angalau."

Nikacheka, maana Baba ana miaka sabini na minne na ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Lakini ufunguo sikumpa. Nadhiri ni nadhiri. Mama aliiweka mwaka 1938, dondakoo lilipomkaba mdogo wangu Nolan akiwa na miaka miwili. Alipiga magoti jikoni akamwambia Mungu: huyu mtoto akipona, katika nyumba hii haitasikika sauti ya muziki kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka adhuhuri ya Jumamosi Kuu, daima. Nolan akapona. Leo ana miaka arubaini, anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, kusini ya New Orleans, na kisogo chake ni kama cha fahali. Mungu alitimiza upande wake.

Wengine hapa L'Anse Vidrine siku hizi wanapiga muziki hata Kwaresima. Shauri yao.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Nimeanza kazi ya kamati. Nchi inatimiza miaka mia mbili ya uhuru mwaka huu na kila wilaya inatoa kitabu. Mimi wa maktaba nimepewa kalenda ya tarehe kubwa za muziki wa kwetu. Bibi Castille, mwenyekiti, ameniambia nisizidishe. "Kurasa mbili tu, Eulalie. Watu wasije wakadhani tulikuwa tunacheza ngoma tu miaka yote hiyo."

Na kweli tulikuwa tunacheza ngoma tu miaka yote hiyo. Jioni nikamuuliza Baba anipe tarehe. Akanipa hii: 4 Machi, Ozémé Latiolais alipiga ukumbini mara ya kwanza, amekalia kreti la kuku kwa sababu viti vyote vilikaliwa na akina mama waliokuja kuwalinda binti zao.

"Mwaka gani?"

"Mwaka gani! Mwaka ambao kuku walikuwa bado wamo ndani ya kreti."

Jumapili, 7 Machi

Padri Landreneau amepiga gitaa kwenye Misa. Kwaresima! Ana miaka thelathini na viatu vya mpira chini ya kanzu. Nilisali nimeinamisha kichwa ili nisimwone.

Jumanne, 9 Machi

Bado mvua. Mashamba ya mpunga yamejaa maji, wavuvi wa kamba wa matope wanapita na mashua zao bapa mle mle tutakamopanda mpunga mwezi ujao.

Nimepata tarehe ya kuungua kwa ukumbi wa ngoma wa Dupré. Nimepata tatu, kusema kweli. Kila niliyemuuliza alikuwepo, na kila mmoja anasema ndiye aliyemwokoa mpiga fidla. Baba anasema mpiga fidla hakuokolewa na mtu. Alitoka kwa miguu yake, akasimama barabarani, akamalizia wimbo.

"Aliumalizia ukumbi ukiwaka?"

"Sasa angeuacha katikati? Wimbo ukiuacha katikati, Lalie, watu hawajui waende nyumbani au wabaki."

Ijumaa, 12 Machi

Samaki. Maumivu ya mgongo.

Jumapili, 14 Machi

Nimemkuta Baba ameketi mbele ya kabati la Mama kwenye kiti cha jikoni. Hakuwa anafanya kitu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinatembea juu ya goti.

Nikamuuliza anapiga nini. Akasema, "Wa mama yako."

Nimeandika hapa mambo mengi kuhusu Baba lakini huo wimbo sijauandika, basi niuandike. Ni valsi, ngoma ya mapigo matatu. Haina jina wala maneno. Alimtungia Mama mwaka wa nadhiri, na kila mwaka aliupiga mara moja tu: Jumamosi Kuu, kengele ya adhuhuri ikigonga, Mama mwenyewe anafungua kabati, anamkabidhi akodioni, na huo ndio unakuwa wimbo wa kwanza. Mama alikuwa anaegemea sinki na mikono ina unga, anafumba macho. Ukiisha anasema "Haya, mayai yataungua," na Kwaresima imekwisha. Baba hakuupiga ukumbini, hakuupiga kwenye harusi ya mtu, na siku ile alipokwenda New Orleans kurekodi santuri waliomba nyimbo sita akawapa nyimbo sita nyingine.

Una vipande viwili. Cha kwanza ninaweza kukivumisha mdomoni kidogo. Cha pili kinapanda halafu kinageuka mahali usipotegemea, na kila mwaka mimi nilikuwa bado nashangaa pale kwenye kona wakati chenyewe kimeshaisha.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi. Novemba ile Mama akafariki, na mwaka jana nyumba ilikuwa ya matanga. Kabati halikufunguliwa mwaka mzima, ndivyo tunavyoomboleza huku. Kwa hiyo mwaka huu ndio mwaka. Hakuna mwingine duniani anayeujua.

"Zimebaki wiki tano tu, Baba," nikamwambia.

"Najua kuhesabu," akasema.

Alhamisi, 18 Machi

Nolan amerudi kutoka baharini kwa wiki mbili. Amekuja na rekoda ya kaseti, mpya, ameibeba kama mtoto mchanga. Anataka kumrekodi Baba apige kila kitu anachokijua.

"Pasaka," nikasema.

"Pasaka mimi niko baharini, Lalie."

"Basi nitarekodi mimi."

"Wewe hata redio inakushinda kuwasha."

Jumapili, 21 Machi

Mzee Alphé Papillion amekuja na mayai ya bata. Yeye na Baba wamepiga pamoja tangu mashavu yao hayajaota ndevu. Baba akodioni, yeye fidla. Ni Mkrioli, mweusi, na katika miaka ile kulikuwa na mambo ambayo hatuyasemi mezani. Nikamwonyesha kadi niliyoiandika kwa ajili ya ile kalenda: *Mei 1931, Adraste Vidrine na Alphé Papillion wapiga pamoja harusini kwa akina Fontenot.*

Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. "Binti, umesahau kitu. Andika kwamba mimi nilikuwa nje ya dirisha."

"Nje?"

"Kiti changu kilikuwa nje, kwenye matope. Baba yako alikaa ndani karibu na dirisha, nami nje karibu na dirisha. Tukawa tunaangaliana hivi." Akacheka, na Baba hakucheka. "Andika dirisha. La sivyo watu watadhani nilikula keki."

Nimeandika dirisha. Bibi Castille atalikata, nami nitalirudisha.

Alhamisi, 25 Machi

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nalia kwa hasira, na sasa hasira zimekwisha na sijui nilichobaki nacho.

Leo ni Nusu-Kwaresima, Alhamisi ya katikati. Zamani watu wa huku walikuwa wanapewa siku hii moja ya kupumua. Walicheza ngoma, na kanisa likaangalia pembeni. Lakini nadhiri ya Mama haikuwa na katikati. Nimetoka maktaba saa tisa alasiri na kukuta lori la Alphé uani, Alphé sebuleni na fidla magotini, Nolan ameweka rekoda juu ya meza na kuifuta vumbi lisilokuwepo, na Baba amevaa shati jeupe. Amenyoa ndevu. Alikuwa amejikata kidogo chini ya sikio.

Walinigeukia wote watatu nilipoingia. Nikajua nimepangiwa njama.

"Lalie," akasema Nolan, "lete ufunguo, dada yangu. Nusu saa tu."

"Mliniitia baraza?"

"Nadhiri ilikuwa kwa ajili yangu, si ndiyo? Koo lililopona ni langu. Basi mimi mwenye koo naifungua."

"Wewe hukuiweka. Huwezi kufungua usichokifunga."

"Mama amekufa!"

"Ndiyo maana," nikasema. "Angekuwa hai ungemwomba mwenyewe. Aliponipa huu ufunguo alikuwa na siku mbili za kuishi, akaniambia, 'Usimpe, hata akikulilia.' Nimemwahidi."

Alphé akaanza kuirudisha fidla kwenye sanduku taratibu. Ana adabu kuliko sisi sote.

Ndipo Baba akanyanyuka. Akaja mpaka karibu, akaniwekea mkono wa kulia mbele ya macho. "Angalia hivi vidole," akasema. "Vinalala. Asubuhi naviamsha kimoja kimoja kama watoto wa shule. Na kile kipande cha pili, mwanangu, kimeanza kunitoroka. Nakifuata gotini, nafika kwenye kona, nakuta hakuna barabara. Nikishika kinanda chenyewe kitarudi. Vidole vinakumbuka, kichwa hakikumbuki. Nipe leo."

"Wiki tatu, Baba. Umengoja miaka miwili, hushindwi wiki tatu."

"Nani kakwambia ninazo?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua," akasema, "lakini ufunguo unao wewe."

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya Mama, hata mimi niliisikia. Baba akaenda chumbani kuvua shati jeupe. Nolan akatoka akabamiza mlango. Alphé akanitakia jioni njema.

Nikiwa mkweli kwenye daftari hili, ambalo hakuna wa kulisoma, kulikuwa na kitu kingine zaidi ya nadhiri. Baba alikuwa wa watu wote. Jumamosi zote za utoto wangu alikuwa kwenye ukumbi wa mtu, harusi ya mtu. Nyumbani alirudi kulala. Nilipokuwa na miaka tisa nilianza kujifunza akodioni kwa kujificha, akanionyesha nyimbo mbili, kisha Mama akasema si kitu cha msichana, naye hakunitetea. Leo alisimama mbele yangu amenyoosha mkono, na katika maisha yangu yote hajawahi kuniomba kitu. Nilipenda kuombwa. Mungu anisamehe, nilitaka aendelee kuomba.

Ijumaa, 26 Machi

Baba hakunitania leo. Amekunywa kahawa, akaenda kwa kuku.

Jumamosi, 27 Machi

Kiharusi. Nolan amemkuta bandani, mayai yamepasuka chini yake. Upande wote wa kulia.

Jumanne, 30 Machi

Hospitalini. Anatufahamu. Sauti haitoki, inatoka pumzi tu. Daktari anasema labda maneno yatarudi, labda hayatarudi. Mkono wa kulia umelala juu ya shuka na mimi nimeushika tangu asubuhi. Una uzito wa ajabu.

Alhamisi, 1 Aprili

Tumemleta nyumbani. Nolan ameondoka leo kurudi baharini, hawakumpa hata siku moja ya ziada. Alipokuwa anafunga begi nilimwambia, "Sema tu."

"Niseme nini?"

"Unachotaka kuniambia."

Akafunga zipu. "Nilikuwa nimenunua kaseti kumi," akasema, na akaondoka.

Jumamosi, 3 Aprili

Padri Landreneau alikuja kumpaka Baba mafuta ya wagonjwa. Alikaa naye muda mrefu, akamsomea, akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe. Nilipomsindikiza barazani nikamuuliza, kana kwamba nauliza habari za mtu mwingine: nadhiri ya marehemu inamfunga nani?

"Aliyeiweka tu," akasema. "Akifa, imekufa naye. Kwa nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na la kupenda kuombwa pia. Nilitegemea atanihubiria, nikataka anihubirie. Alikaa kwenye ngazi na vile viatu vyake vya mpira.

"Ungeniuliza mwezi uliopita," akasema polepole.

"Nilikuona huna uzito, Padri."

"Najua, Bi Eulalie. Unasali umeinama sana nikishika gitaa." Hakusema kwa ubaya. "Mrudishie kitu chake. Leo, kesho. Usingoje kengele."

Nilikuwa na padri mwenye huruma umbali wa dakika kumi kwa miguu mwezi mzima, nikambeua kwa ajili ya viatu.

Jumapili, 4 Aprili

Sikufungua. Nilisimama mbele ya kabati. Niliogopa macho ya Baba: nimfungulie sasa, wakati hana mkono? Ni kumkejeli.

Jumanne, 6 Aprili

Nimefungua.

Mvua imekatika, ndege ya kupandia mpunga inapita juu ya mashamba, inamwaga mbegu kwenye maji. Baba alikuwa ameketishwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nikaileta akodioni, nikaiweka mapajani mwake. Aliitazama. Halafu akanitazama mimi, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya mtazamo isipokuwa ule. Alifurahi. Nusu ya uso wake ilifurahi, nusu ya pili haikuweza.

Akaingiza mkono wa kushoto kwenye ukanda, pale pale panapostahili. Maana akodioni hii yetu ndogo hugawa kazi hivyo: kulia ni vitufe kumi vya wimbo, kushoto ni wa kuvuta na kubana mivukuto, ndio pumzi. Mkono wa pumzi alikuwa nao. Akavuta. Pakatoka hewa tu, fyuuu. Akanionyesha vitufe kwa kidevu.

"Mimi?" nikasema. "Baba, mimi nilijifunza nyimbo mbili, miaka thelathini na minane iliyopita."

Akavuta tena, kwa hasira. Fyuuu.

Basi nikavuta kiti, nikakaa upande wake wa kulia, bega kwa bega, nikaweka vidole vyangu juu ya vitufe. Kitufe kimoja kina sauti mbili: ukivuta hii, ukibana ile. Kwa hiyo yeye akivuta, mimi natafuta kitufe kinachofaa; nikikosea anatikisa kichwa na anarudi nyuma; nikipata anasonga mbele. Alasiri nzima tulipata sauti kumi na moja. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kwa subira namna hiyo, na mwalimu hana neno hata moja mdomoni.

Ilikuwa Kwaresima na nyumba ya Mama ilikuwa inalia muziki. Nilisubiri nijisikie mkosaji. Sikujisikia.

Jumatano, 7 Aprili

Sauti tisa zaidi. Nimeomba ruhusa maktaba.

Alhamisi, 8 Aprili

Saba. Tumerudi tukasahihisha zile za jana. Alinipiga kidogo begani kwa paji la uso wake nilipoharakisha.

Ijumaa, 9 Aprili

Bibi Castille amepiga simu kuuliza kalenda iko wapi. Nikamwambia nina shughuli. "Shughuli gani, Eulalie, yenye uzito kuliko miaka mia mbili?" Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani.

Jumapili ya Matawi, 11 Aprili

Kipande cha kwanza kimetimia. Tumekipiga leo kutoka mwanzo mpaka mwisho mara tatu bila kusimama, yeye pumzi, mimi vidole. Alphé alikuwepo. Alikuja na chupa ya sharubati na akakaa kwenye kona, kofia magotini. Tulipomaliza nikamwomba atusaidie cha pili.

"Huo siujui, binti," akasema. "Nimempigia fidla miaka hamsini na tano, sijawahi kuusikia. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Ulikuwa wa ndani ya nyumba."

Akajifuta macho bila kuficha. Akamwambia Baba, "Mchoyo wewe, mzee mwenzangu. Kitu kizuri hivi umekificha jikoni!" Na Baba akacheka kwa pumzi.

Jumatatu, 12 Aprili

Amelala karibu siku nzima. Nimefanya mazoezi peke yangu. Peke yangu pumzi hainijii sawa.

Jumanne, 13 Aprili

Kipande cha pili. Aliamka amekitaka, aligonga kiti changu mpaka nikaja na uji wake bado mkononi.

Vuta, vuta, bana. Hizo tatu nilizipata upesi. Halafu vuta ndefu, inayopanda, nayo nikaipata, nikamwona anasisimka kwa sababu tulikuwa tunakaribia ile kona. Halafu akabana. Nikajaribu kitufe cha nne, hapana. Cha tano, hapana. Nikajaribu vyote kumi, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja alitikisa kichwa. Akarudia: vuta ndefu, bana. Nikarudia vyote kumi. Nikaona anaanza kusita. Mkono ukaenda kubana, ukaacha, ukavuta, ukaacha. Akaitazama mivukuto kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananingoja mimi niipate. Yeye mwenyewe alikuwa anaitafuta.

Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Nikasema, "Basi, Baba, tutaendelea kesho." Akanishika mkono kwa ule wake mzima na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Jumatano, 14 Aprili

Baba amefariki saa nane mchana. Nilikuwa nimekwenda kumwekea maji kwenye jagi.

Alhamisi Kuu, 15 Aprili

Watu wamejaa. Wanaleta vyakula, sijui tutaviweka wapi. Nolan amefika na helikopta ya kazini mpaka pwani, halafu kwa gari. Tulikumbatiana jikoni.

Padri anasema siku hizi tatu hakuna Misa ya maziko, ila sala kaburini anaweza. Tulitaka iwe kesho. Mchimba makaburi, Bwana Lovelace Guidry, alivua kofia akasema, "Nitakuchimbia popote, Bi Lalie, siku yoyote, hata saa ya tufani. Lakini Ijumaa Kuu siingizi jembe ardhini. Ardhi itatoka damu." Padri akataka kusema kitu, nikamtazama, akaacha. Baba mwenyewe hakuwahi kuchimba hata mnyoo wa kuvulia siku hiyo. Basi itakuwa Jumamosi.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Baba yumo sebuleni siku ya ziada kwa sababu ya desturi. Nimekaa naye. Mimi niliyemwambia wiki tatu si kitu, leo nimepewa siku moja zaidi na sina la kuifanyia.

Shangazi zangu wamekuja kugeuza vioo na kusimamisha saa. Mmoja akaiona akodioni kitini, akauliza mbona haijafungiwa, nyumba si ya msiba? Ni mwaka mzima tena, akanikumbusha. Nikasema najua. Nolan akanyanyuka akakaa kwenye kiti cha kando yake, akaweka mkono juu ya akodioni, na shangazi akaenda jikoni.

"Kesho uipige," akaniambia.

"Ninayo nusu tu."

"Piga nusu."

"Watasema sina haya, msibani."

"Waache waseme, Lalie. Mimi ndiye niliyeponea kwa kimya cha nyumba hii. Kimya kimenitosha."

Jumamosi Kuu, 17 Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri. Bwana Guidry alichimba, kaburi likajaa maji, akayachota, likajaa tena. Ndivyo ardhi yetu ilivyo mwezi huu. Ilikuwa tufike makaburini saa nne, tukaanza sala saa tano na nusu. Padri alisoma kwa ufupi. Alikuwa amevaa viatu vyeusi.

Walipomshusha, nikaichukua akodioni mikononi mwa Nolan. Nilisikia mnong'ono ukipita kwa wanawake. Shangazi akasema jina langu kwa sauti ya kuonya. Nikavuta pumzi ya kwanza vibaya, nikaanza upya.

Nilikipiga kipande cha kwanza chote. Nilifanya kazi za mikono yote miwili, na mara moja tu nilikosea. Kengele ya kanisa iligonga nikiwa katikati, na wazee wakafanya ishara ya msalaba kwa sababu Kwaresima ilikuwa imekwisha. Watu waliusikiliza kwa mara ya kwanza, majirani wa miaka hamsini, wakitazamana: huu wa nani? Hata shangazi alikuwa ameinamisha kichwa upande kama wafanyavyo wanaopenda kitu.

Nikaingia kipande cha pili. Vuta, vuta, bana. Ile ndefu inayopanda.

Nikasimama hapo, mivukuto imefunguka mikononi mwangu.

Wote walijua muziki, hakuna mtu wa kwetu asiyejua. Walisikia kwamba umepanda na bado haujashuka, kwa hiyo walingoja. Wanaume walishika kofia zao kifuani. Bwana Guidry alisimama na koleo. Sikuwaambia kwamba hakuna zaidi, nao wakaendelea kuningoja kwa heshima, wakidhani nalia na kwamba nikimaliza nitaendelea.

Mwishowe Alphé akavaa kofia yake, na wengine wakaelewa, wakaanza kuondoka.